Sura ya Sita: Sanduku Linalozimika Saa Kumi

Kabla ya kusalimia mtu, Sajini alilitazama begi. Lilisimama kando ya mlango wa mbele, begi la kahawia la magurudumu mawili, zipu imefungwa mpaka mwisho, na juu yake mwavuli. Miaka ishirini na miwili ya upelelezi ilimfundisha kwamba mtu anayetishia kuondoka hufunga begi tu. Anayeondoka kweli hukumbuka mwavuli.

"La nani?"

"La Mama," alijibu Kitinda kwa kunong'ona. Ndiye mtoto wa mwisho wa nyumba ile, na ndiye aliyempigia simu. "Mjomba anakuja na gari saa kumi na mbili jioni. Mama amesema ikithibitika kwamba ni Baba anayezima sanduku, anahamia kwa dada yake. Na harudi."

"Na kama si yeye?"

"Basi tuambie ni nani, Sajini. Maana mimi siyo, na ndani ya nyumba tupo watatu tu."

Sajini alitazama saa yake. Saa nane na dakika arobaini. Alikuwa amestaafu upolisi miaka mitatu iliyopita na kufungua duka la kutengeneza kompyuta, lakini mkoba ulikuwa uleule uliobeba pingu, na tabia ilikuwa ileile. Mashine kwake ilikuwa shahidi kama mashahidi wengine: husema kweli ukiiuliza vizuri, na ungamo la kwanza si la kuamini.

Alianza na Mama, jikoni. Mama alikuwa akisugua sufuria ambayo tayari ilikuwa inang'aa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mdogo wangu. Umekuja kumtetea?"

"Nimekuja kuuliza. Sanduku lenyewe ni la nini?"

"La picha. Picha zote za watoto wangu, na video, tangu wanatambaa. Liko stoo. Runinga ya sebuleni inazichukua huko, sijui inazichukuaje, ila mimi nabonyeza rimoti nazipata."

"Na unaangalia nini?"

Mkono uliokuwa unasugua ulisimama. "Mwanangu wa kiume. Ameondoka hapa mwaka mmoja na miezi minne. Baba yake alimtafutia kazi hospitalini, kwenye ghala la dawa alikofanya kazi yeye mwenyewe miaka thelathini. Mtoto akakaa miezi mitatu, akaiacha, akasema anataka kuendesha pikipiki. Kupeleka watu mizigo. Mzee akamwambia asirudi mpaka apate kazi ya heshima." Akaanza kusugua tena. "Mtoto akikunyea mkono, huukati. Mwenzangu yeye alileta shoka."

"Unaangalia saa ngapi?"

"Saa kumi, kazi zikiisha. Na saa kumi hiyohiyo Mzee anaingia stoo kulala, anafunga mlango. Naweka video, haijafika mbali, kioo kinakuwa cheusi. Nikisubiri nusu saa, kinarudi. Siku kumi na nane sasa, Sajini. Huko stoo yuko nani? Jini?"

Hoja ilikuwa nzito. Marehemu, yaani sanduku, na mtuhumiwa ndani ya chumba kimoja, mlango umefungwa, saa ni ileile kila siku. Sajini alishawahi kupeleka watu mahakamani kwa ushahidi mwembamba kuliko huo. Alishawahi pia kuaibika mahakamani, kwa hiyo aliomba aonyeshwe stoo.

Stoo kilikuwa chumba kidogo chenye rafu kuta tatu na kitanda chembamba ukuta wa nne. Kila kitu kilikuwa na namba iliyoandikwa kwa wino mweusi juu ya karatasi ndogo: nyundo, pasi, balbu za akiba, hata kitanda. Mzee alisimama katikati yake, shati limefungwa kifungo cha juu, kama mtu anayesubiri wakaguzi.

"Karibu. Kitu chochote utakachokitoa, nitakuomba ukirudishe mahali pake."

"Nimezoea, Mzee. Stoo ya vielelezo polisi ilikuwa hivihivi."

"Hivihivi?" Mzee aliuliza kwa shaka.

"Karibu hivihivi."

Sanduku lilikuwa rafu ya katikati, ukubwa wa mikate miwili iliyolaliana, limefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma. Sajini alipoingiza mkono chini ya kitambaa, alikuta joto.

"Nani amelifunika?"

"Mimi. Vumbi."

"Na wewe umelifunika mdomo na pua. Linapumulia hapa nyuma." Alikikunja kitambaa akakiweka kando. Kitinda, aliyekuwa akichungulia mlangoni, alifungua mdomo, na Sajini akamwonyesha kidole asubiri. Joto lingeweza kulizima sanduku, ndiyo. Lakini joto halina saa ya mkononi.

Alipiga magoti, akafuata waya wa umeme kuanzia kwenye soketi. Ulishuka ukutani, ukapita chini ya kitanda, na mguu wa kitanda ulikuwa umeukanyaga barabara.

"Haa!" Kitinda hakuweza kujizuia. "Basi ni kitanda! Baba akilala, kitanda kinadidimia, kinabana waya, umeme unakatika. Akiamka, unarudi. Mama! Njoo uone, ni kitanda!"

Sajini mwenyewe alilipenda jibu hilo. Lilikuwa na kila kitu: sababu, saa, na mtuhumiwa asiyejua kosa lake. Lilikuwa jibu la kwenda nalo nyumbani mapema. Kwa sababu hiyo hasa hakuliamini.

"Mzee, lala."

"Sasa hivi?"

"Kama unavyolala saa kumi."

Mzee alivua viatu, akavipanga, akajilaza chali mikono kifuani. Kitanda kililia. Taa ndogo ya kijani ya sanduku iliendelea kuwaka. Sajini akamwomba ageuke, kisha ajitupe. Mzee alijitupa kwa heshima zake zote, mara tatu. Taa haikupepesa. Mlangoni Mama, aliyeitwa kuja kuona kitanda kikikiri, alijiziba mdomo kwa kanga ya jikoni asicheke, kisha akakumbuka kwamba amekasirika, akaondoka.

"Si kitanda," alisema Sajini. "Nipe nywila ya kuingia ndani ya sanduku."

Alikaa sakafuni na kompyuta mapajani. Sanduku, kama karani mwaminifu, huandika kila linalolipata: limewashwa lini, limezimwa lini, diski zinajisikiaje. Aliuliza maswali mawili tu, akageuza kioo ili Mzee naye aone.

"Joto la juu kabisa mwezi huu ni digrii arobaini na nne. Halikuungua. Diski zote mbili ni nzima. Na hapa, soma mwenyewe."

Mzee alivaa miwani. "Limekuwa likiwaka bila kuzimika... siku sitini na tatu."

"Marehemu hakufa," alisema Sajini. "Siku zote kumi na nane alikuwa hapahapa, macho wazi, anafanya kazi. Hakuna aliyemgusa. Wewe, Mzee, umeachiwa huru."

Mzee hakuonyesha furaha. Alivua miwani akaifuta polepole. "Nenda ukamwambie mwenzangu."

"Nikimwambia hivyo tu ataniuliza ni nani, na sina jibu. Mama wa aina ile haridhiki na nusu kesi." Alimgeukia Kitinda. "Kwenye simu ulisema umeandika siku na saa?"

Kitinda alitoa simu yake. Alikuwa ameorodhesha kila mara runinga ilipokata: saa kumi na dakika tano, kumi na dakika kumi na mbili, kumi na dakika nane. Sajini alipitisha kidole chini ya orodha, akasimama, akarudi juu.

"Jumapili hakuna."

"Eh?"

"Jumapili mbili zimepita hapa katikati, na hakukuwa na tatizo. Mzee, Jumapili unalala humu?"

"Kila siku."

"Kwa hiyo mtuhumiwa wetu ni mtu wa kazi. Anapumzika Jumapili, na siku nyingine anafika baada ya saa kumi, anakaa nusu saa, anaondoka. Umeme haujui Jumapili, wala joto. Hapa tunamtafuta mtu."

Alirudi kwenye maandishi ya sanduku, safari hii akitafuta saa zile tu. Yalikuwepo, sentensi moja imerudiwa mamia ya mara: *Anwani yangu inatumiwa na kifaa kingine.*

Alimweleza Mzee kwa maneno mepesi. Kila kifaa kwenye mtandao wa nyumba kina anwani yake, na anwani huishia na namba. Runinga inaita namba, sanduku linaitika. Vikiwepo vifaa viwili vyenye namba moja, vyote vinaitika pamoja, runinga inachanganyikiwa, inakata tamaa. Kwa kawaida haitokei, kwa sababu ruta, kile kifaa kinachorusha waifai, ndiyo inayogawa namba, na yenyewe haisahau.

"Hapa ruta haigawi," alisema Mzee. "Nagawa mimi."

Sajini aliinua kichwa.

"Niliweka mwenyewe, kifaa kwa kifaa, kwa mkono. Nilisoma kitabu. Kitu kisicho na namba kimeshapotea, ila hujajua tu." Alivuta kutoka rafuni daftari gumu lenye jalada la bluu. "Watu wanaanzia kumi na moja. Simu yangu kumi na moja, ya mama yenu kumi na mbili, ya binti yetu mkubwa aliyeolewa kumi na tatu. Huyu Kitinda kumi na tano. Vitu vinaanzia ishirini na moja: runinga, printa, redio."

"Na sanduku?"

Mzee alilifunga daftari kwa kidole kikiwa ndani. "Kumi na nne."

Mkao huo Sajini aliufahamu. Ni ule wa chumba cha mahojiano, dakika moja kabla mtu hajasema alichokuja nacho. Hakumharakisha. Aliiacha ile hesabu ijipange yenyewe: kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu, kumi na tano.

"Mzee," alisema mwishowe, kwa upole. "Vitu vinaanzia ishirini na moja. Sanduku linafanya nini katikati ya watu?"

Mzee alikaa kitandani. Hakupanga viatu.

"Nililinunua mwezi mmoja baada ya yeye kuondoka. Picha zake zilikuwa zimetawanyika, nyingine kwenye simu mbovu, nyingine kwenye kanda. Nikazikusanya usiku na mchana, mwenzangu akidhani nafanya hesabu za pensheni. Zilipokamilika nikataka kulipatia sanduku namba." Alifungua daftari, akalinyoosha kwa Sajini. "Yeye yumo humo ndani. Ningempaje namba ya redio?"

Sajini alisoma. Mstari wa kumi na nne ulikuwa na maandishi ya wino: *Simu ya kijana*, na mbele yake alama kumi na mbili za herufi na tarakimu, zile ambazo kila kifaa huzaliwa nazo kiwandani. Chini yake, kwa penseli nyembamba, *Sanduku*. Mtunza ghala wa miaka thelathini, mtu ambaye hakuwahi kuweka vitu viwili kwenye namba moja, hapa aliviweka, kwa kuwa kumwingiza mmoja kulihitaji kumfuta mwingine, na kalamu ya kumfutia mwanawe hakuwa nayo.

"Kwa hiyo simu yake bado ina namba hii?"

"Niliiweka kwa mkono wangu. Haiwezi kujitoa."

"Na nywila ya waifai? Umebadilisha tangu aondoke?"

"Nilisahau."

"Mzee." Sajini alitazama rafu zile, karatasi zile, balbu zilizopangwa kwa ukubwa. "Wewe?"

Mzee alitazama mikono yake. "Sikusahau," alisema. "Nilifikiri kama siku moja akipita njiani, angalau isimkatae."

Saa kumi kasoro dakika tatu. Sajini aliweka masharti: mlango wa stoo ubaki wazi, Kitinda awashe runinga, Mama akae mahali pake pa kila siku na asiulize kitu. Mama alikaa, mgongo umenyooka, kikombe mkononi. Video ikaanza. Mtoto wa miaka minne alikuwa amepanda ndoo iliyogeuzwa, akiiendesha kwa mdomo, *vruuum, vruuum*, kisha akaanguka, akacheka mpaka akakohoa.

"Unaona?" Mama alimwambia Kitinda, bila kutoa macho. "Pikipiki. Toka zamani. Nani hakuona?"

Saa kumi na dakika tano. Na sita. Sajini aliliuliza sanduku kwa kompyuta, likaitika mara moja. Akaliuliza tena, likaitika. Dakika ya saba aliuliza, na sebuleni kicheko kikakatika katikati.

Jibu lilikuja, lakini sauti haikuwa ya sanduku. Kwenye kioo, anwani ilikuwa ileile, na mbele yake alama kumi na mbili ngeni.

"Mzee, daftari. Mstari wa kumi na nne, wa wino. Nisomee nne za mwisho."

"Saba, C..." Mzee aliisogeza miwani. "E, mbili."

"Saba, C, E, mbili," alisema Sajini.

Daftari lilianguka. Halikuokotwa.

"Yuko wapi?" Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa stoo. Hakuna aliyejua amekuwa hapo tangu lini, ila macho yake yalikuwa yamelowa, na hayakumtazama Sajini, yalimtazama mumewe.

"Waifai ya ruta hii haivuki barabara," alisema Sajini. "Yuko nje ya ukuta wako, Mama. Amekuwa hapo siku kumi na sita, ukitoa Jumapili."

Mama aligeuka aende. Mzee alimshika mkono.

"Niache niende mimi. Mimi ndiye niliyemfukuza."

"Nimeyasikia ya namba," alisema Mama. "Kutoka kule sebuleni nimeyasikia yote. Miezi kumi na sita tunalala kitanda kimoja, na wewe umeninyima neno hilo?"

"Niliogopa ukiniona nalia utaona nilikosea."

"Sasa hukukosea?"

"Nilikosea."

"Basi nenda," alisema Mama, akamwachia njia. "Na ukirudi peke yako, usirudi."

Sajini alimfuata mpaka barazani, akasimama nyuma ya nguzo. Upelelezi ulikuwa umekwisha na hakuwa na kazi pale, lakini alisimama. Mzee alivuka ua akiwa na soksi tu, akafungua geti dogo.

Pikipiki ilikuwa imeegeshwa chini ya dirisha la sebule, na kisanduku cha mizigo nyuma. Kijana alikaa juu yake, helmeti imepandishwa kwenye paji la uso, simu mkononi. Alipomwona baba yake, alishika ufunguo kama anayetaka kuwasha, kisha mkono ukabaki hapohapo.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Unafanya nini hapa?"

"Natumia waifai tu. Bando limeisha."

"Bando limeisha tangu wiki mbili zilizopita?"

"Na yenyewe mbovu," alisema kijana. "Inakatikakatika."

"Inakatika kwa sababu mko wawili kwenye namba moja. Wewe na sanduku langu la picha."

"Picha gani?"

"Zako."

Kijana alishuka kwenye pikipiki. Hakujua aiweke wapi simu, akaihamisha kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Alikuwa amekonda kidogo, na mabega yamepanuka.

"Nimepewa njia hii mwezi huu," alisema. "Mzigo wa mchana nimalizie hapo kona. Siku ya kwanza nikasema nipite tu nione geti. Nikasikia runinga dirishani. Nikasikia mimi, nacheka, ile ya ndoo. Nikasimama nisikilize." Alilitazama dirisha. "Nikikaa dakika moja tu, inazimwa. Kesho yake tena. Kila nikifika, inazimwa. Nikajua Mama akisikia pikipiki anajua ni mimi, anazima. Nikasema basi, hata yeye. Lakini nikawa narudi, labda siku moja ataiacha mpaka mwisho."

Mzee alishika usukani wa pikipiki, kwa nguvu, kama kitu kinachoweza kuondoka wakati wowote.

"Mama yako hajawahi kuzima," alisema. "Ikikatika, analia. Analilia jikoni, anafungulia bomba nisisikie. Ni simu yako hiyo inayokata, mwanangu. Kila ukija, wewe mwenyewe unajikata."

"Na wewe?" kijana aliuliza, macho chini. "Saa hizi si huwa umelala?"

"Nani amekwambia nalala?" alisema Mzee. "Naingia stoo, nafunga mlango, nasimama nyuma yake. Nasikiliza ulivyokuwa unacheka."